Mwuza Uji wa Redioni

Sabato moja, katika kanisa letu dogo karibu na Magunga, mama mkwe wangu alisimama wakati wa mahitaji ya maombi akaomba kanisa limwombee mwanamke mgonjwa. Mzee wa kanisa akamuuliza mgonjwa ni wa boma gani. Akajibu bila kusita kwamba si wa boma lolote la huku. Anakaa redioni.

Watu walicheka. Kwanza wakacheka vijana wa nyuma, kisha wanakwaya, kisha hata mzee wa kanisa mwenyewe akaweka kitambaa mdomoni. Mimi sikucheka. Tangu Jumatano nilikuwa nikimwombea mgonjwa huyo huyo kimyakimya, nikichota maji, nikipepeta mtama, nikimwosha mtoto wangu miguu.

Mchezo wa redio alimokuwa mgonjwa huyo nilianza kuusikiliza mjini Rongo, mume wangu akiwa bado hai. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kucheka sana, mwenye mwandiko ambao wazazi waliusifu. Alianza na kikohozi. Baadaye nguo zikaanza kumpwaya, na walimu wenzake wakaacha kupitia kwetu kunywa chai. Ugonjwa wake watu waliutaja kwa sauti ya chini, na mara nyingi hawakuutaja kabisa. Nilikuwa msichana wa Rangwe niliyeolewa mapema, sikuwa na dada mjini, wala rafiki wa kumwambia kwamba naogopa.

Jumatano jioni, jua likianza kushuka, redio ilikuwa na mchezo wa Kiswahili kuhusu mjane aliyeuza uji nje ya lango la hospitali. Mumewe alikuwa amefariki mjini, akamwachia watoto wawili. Mashemeji walitaka arudi nyumbani arithiwe, yaani aolewe na ndugu wa marehemu, naye hakutaka. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yote. Lakini mwanamke huyo alikuwa na sauti nzito kidogo, kama mtu aliyezoea moshi, na kila alipotukanwa alivuta pumzi kwanza ndipo akajibu. Ile pumzi ndiyo iliyonikamata. Nilianza kuvuta pumzi kama yeye. Daktari aliponifokea kwa sababu nimechelewa kumleta mgonjwa, nilivuta pumzi, nikajibu, na sikulia.

Mume wangu alijua. Kutoka kitandani alikuwa akiniuliza, "Huyo mwanamke wako amefikia wapi?" Nami namweleza: leo mwenye ploti amemfukuza na meza yake; leo mtoto mdogo ameungua na uji. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Siku moja akasema, "Mwambie asiende kwao. Akienda, basi." Sikumuuliza alikuwa akimwambia nani.

Alipofariki, tulimpeleka kwao kumzika, na nikabaki huko na binti yetu, ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni akichoka. Niliingia boma lile na godoro, sufuria, na redio.

Nyumbani kwa mume wangu ni upande ule wa mbuga ya Ruma, ambako mbung'o waliwamaliza ng'ombe wengi zamani na watu wakabaki na mbuzi. Ni mahali pa upepo na ardhi nyeusi. Mama mkwe aliishi peke yake katika nyumba ya mabati upande wa juu wa boma. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Kwenye mazishi ya mwanawe hakulia. Wanawake walilia wakajitupa chini, yeye akakaa kwenye mkeka akitazama mikono yake. Watu walilisema hilo, na wengine waliona nilikuwa nimemwendea na kisirani ndiyo maana machozi yamemkauka.

Mwanzoni hatukuzungumza zaidi ya salamu na kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu: bei gani, punguza, ongeza. Kisha Jumatano moja akaja nyumbani kwangu kuomba chumvi akanikuta nimeinamia redio, nimeshika waya wa eriali kwa mkono mmoja kwa sababu bila hivyo sauti za Tanzania zilikuwa zikiingia na kufunika yetu.

"Wanasema nini?" akauliza kwa Dholuo, lugha yetu.

Nikamwambia ni mama mmoja, mjane, anaambiwa na shemeji zake arudi nyumbani.

Akakaa. Chumvi akaisahau. Nikawa namtafsiria, nusu ya sikio kwa redio na nusu kwa maneno yangu mwenyewe, na mahali palipokuwa na mambo mengi nilifupisha. Akanigonga goti.

"Acha kunipunguzia. Amesema maneno marefu, wewe unanipa mafupi."

Kuanzia siku hiyo Jumatano ilikuwa yetu. Alikuja mapema, amenawa miguu, amefunga kitambaa kama anakwenda kanisani. Betri zikichoka tulizianika juani kutwa nzima juu ya ungo, pembeni ya omena, dagaa wa ziwani, naye alizigeuzageuza kwa vidole kana kwamba nazo zinakauka. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka; mimi nilikuwa *nyar Rangwe*, binti wa Rangwe. Mwuza uji naye akapewa jina kwa kanuni hiyo hiyo. Mama alimwita *nyar redio*. Hivyo tukawa wakaza wana wawili katika boma lile.

Alimzungumza shambani. "Nyar redio angekuwa hapa, jembe hili lingemfaa, mikono yake ina nguvu." Akipika uji, alionja akasema wa nyar redio lazima una ndimu zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia akicheka, na alichekea neno ambalo mwuza uji alimwambia askari wa kanju, wale wa baraza la mji. Nilimtafsiria mara mbili.

Huku nje ya nyumba, mambo yangu yalikuwa yakibana. Msimu wa kupanda ulikaribia na wazee walianza kusema kwamba nyumba yangu imekaa na kifo ndani. Mjane asiyerithiwa hawezi kuingia nyumba za wengine, hawezi kujenga, na wadogo wa mumewe hawawezi kuendelea na yao mpaka yake yanyooke. Waliniteulia binamu wa mume wangu, mtu mzima mwenye wake wawili, aliyekuwa na tabia ya kunitazama miguuni akisalimia. Shemeji mkubwa alinijia mchana na wazee wenzake, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba yangu.

"Nyar Rangwe," akasema, "hatukulazimishi. Lakini unatuziba njia."

Nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa. Kisha nikasema nipeni muda kidogo. Niliomba muda kwa sababu redioni mwuza uji alikuwa amefika mahali hapo hapo. Mashemeji zake walikuwa wamekuja mjini kumchukua, na nilitaka kusikia atawaambia nini. Naeleza hili na najua linavyosikika. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma mpaka darasa la nane, nilijua kuna watu mahali fulani wanasoma karatasi mbele ya maikrofoni. Nilijua. Lakini sikuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa amesimama pale nilipokuwa nimesimama.

Badala ya kuwajibu mashemeji, mwuza uji akaugua. Jumatano hiyo aliangukia meza yake, tukasikia kikombe kinavunjika na watoto wanaita. Mchezo ukaishia hapo. Mama alibaki amekodoa macho. "Anakohoa?" akaniuliza. "Umesikia akikohoa?" Nikasema ndiyo, alikohoa.

Hiyo ndiyo iliyomfanya asimame kanisani Sabato ile.

Kicheko kilipotulia, mzee wa kanisa alimwambia kwa upole, "Mama, huyo si mtu. Ni mchezo. Mungu hawezi kuponya mchezo."

Mama hakukaa chini. Alishika ukingo wa benchi la mbele.

"Mwanangu alipougua," akasema, "nilikuja hapa kila Sabato na sikumtaja. Niliogopa mtaniuliza anaumwa nini. Nilikaa hapo, palepale, nikaimba na nyinyi, naye anakufa Rongo. Huyu sitamnyamazia. Kama si mtu, mwombeeni hivyo hivyo."

Halafu akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa binadamu, akaanguka kati ya mabenchi, na wanawake walewale waliocheka wakamkimbilia. Nilimshika kichwa. Alikuwa akiita jina la mume wangu, jina la utotoni ambalo hata mimi sikulijua. Kanisa lilisimama likaomba. Sijui liliomba kwa ajili ya nani, maana hakuna aliyetaja.

Jumatano iliyofuata tulikaa mapema. Saa ya mchezo ikafika, ukapigwa muziki ambao hatukuujua, kisha akaja mtu akaeleza jinsi ya kuchanja kuku. Tulisikiliza mpaka mwisho tukidhani watatuambia. Wiki ya pili, kuku tena. Mama akasema redio imeharibika. Wiki ya tatu aliishika akaitikisa, akaiweka sikioni, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa.

"Ipeleke Homa Bay," akasema.

Wazee walikuwa wameshanipa siku. Nilikwenda Homa Bay nikijua kwamba nikirudi, binamu yule atakuwa ameandaliwa kuingia nyumbani kwangu. Nilimwacha mtoto kwa Mama. Fundi wa redio alikuwa na kibanda karibu na soko la samaki. Alifungua redio, akapuliza vumbi, akazungusha, ikaimba vizuri kabisa.

"Haina shida yoyote, dada."

"Mchezo wa Jumatano hautoki."

"Ule wameutoa. Vipindi huisha."

"Uliishaje?"

"Haukuisha. Umetolewa tu."

Nikamwambia haiwezekani, mtu ameachwa chini amezimia, watoto wanaita. Nilipandisha sauti. Fundi akanitazama kama watu wanavyomtazama mwanamke anayezungumza peke yake barabarani, akasema taratibu, "Dada, hao ni watu wanaosoma karatasi. Wameshakwenda nyumbani."

Niliketi kwenye ngazi ya kibanda chake, redio mapajani, na nikaona wazi kwamba hakuna atakayenionyesha njia. Nilifikiria kwenda moja kwa moja hadi gatini, ziwani, na kuendelea kutembea. Nilifikiria pia mtoto, na nikabaki nimekaa. Sikulia. Nilikuwa nimekauka kama Mama siku ile ya mkeka.

Mwanamke mmoja mnene, mchuuzi wa samaki, ambaye magamba yalikuwa yamemkauka hadi viwikoni, alikuwa amesimama hapo akingoja betri. Akaja akaketi kando yangu, akauliza, "Unamlilia yule wa uji?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi pia," akasema. "Watoto wangu wananicheka. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia mahali hapa sokoni. Kichwani mwangu, unaelewa? Nilisema mashemeji wakimzidi, atakuja hapa, nitamweka pale penye kivuli, auze uji kwa wavuvi asubuhi." Akanionyesha mahali penyewe kwa kidole, chini ya paa la bati lililopinda, na kwa kweli palikuwa wazi.

Tukapatazama sote wawili. Sijawahi kuwa karibu na mtu nisiyemjua kama nilivyokuwa karibu na yule mama kwa muda ule. Aliniuliza mimi nina shida gani, kwa sababu aliona haikuwa ya redio tu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akijikwangua magamba, kisha akasema ana dada yake Migori, anauza omena soko kuu, ana chumba, na mtu akikwama anaweza kulala hapo siku za mwanzo. Akanielekeza. Akanifungia mbuta wa kukaanga kwenye gazeti na hakutaka chochote.

Nilirudi kwa Mama nikamwambia ukweli. Redio ni nzima. Mchezo umekatwa. Hakuna anayejua kama nyar redio amepona au amekufa, wala kama watoto wamechukuliwa.

Tulikuwa nje ya jiko lake, anachambua mboga.

"Mimi nilirithiwa," akasema. "Baba yao alipokufa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa." Akaendelea kuchambua. "Huyo wa uji, nilikuwa nangoja nione kama inawezekana."

"Sasa hatutajua, Mama."

"Nenda wewe," akasema. "Nenda ndiyo nijue yeye alifanyaje."

Tuliondoka alfajiri. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani, mimi nimebeba sufuria na nguo. Nilitaka kumwachia redio, akakataa. Alisema bila mimi redio ile ni kelele za watu wa pwani tu. Tulipoagana hakunikumbatia, alinitemea mate kidogo kwenye kiganja kama baraka, akageuka, akatembea haraka akiwa amenyooka, kwa sababu alijua anarudi kujibu maswali.

Migori nilipata dada yule na chumba kile. Na kwa kuwa sikujua jambo jingine, niliuza uji nje ya hospitali. Nilinunua makopo, jiko, unga wa wimbi, ndimu. Nilijiona kabisa. Nilijua namna nyar redio atakavyosimama, namna atakavyomwambia mteja "chukua mwanangu, bado moto." Lakini redioni hawakuwa wamesema kwamba uji unashika chini ukiuacha kidogo tu kumkimbilia mtoto. Hawakusema kwamba hospitali ina mama wengine wa uji ambao wamekaa pale miaka, na wana midomo. Askari wa kanju walipopiga teke sufuria yangu, nilivuta pumzi, nikajibu neno lile lile lililomchekesha Mama. Askari hakucheka. Alinipiga kofi, na uji ukateremka barabarani hadi mtaroni mbele ya wagonjwa.

Siku hiyo nilimchukia nyar redio. Nilikaa chumbani nikamwuliza kwa sauti, mtoto akinitazama: "Ulikuwa unanidanganya? Kwa nini kwako ilikuwa rahisi?" Nilimwita mwongo, nikamwita kahaba. Nikaiweka redio chini ya kitanda na kuigeuza uso kwa ukuta. Nadhani ilipita miezi mingi ndipo nilipoitoa, na nilipoitoa niliomba msamaha, nikaona haya, lakini niliomba.

Nikaingia kwenye omena. Nilikuwa nikinunua magunia kutoka kwa yule mama wa Homa Bay, nikauza Migori kwa Wakuria na watu waliovuka kutoka Tanzania, na kwa namna hiyo tukaishi, vibaya kwanza, kisha si vibaya sana. Kila nilipokohoa nilikaa kitako nikangoja. Niliamini kilichomchukua mume wangu kitanirudia. Nilingoja zamu yangu miaka, na zamu haikuja, na sijui kwa nini.

Habari za msiba wa Mama zilinifikia kupitia mchuuzi wa mbuzi, kabla hata marehemu hajazikwa. Nilisafiri. Lakini mjane aliyeondoka bila kurithiwa haingii boma lile, na shemeji mkubwa alisimama langoni mwenyewe kunionyesha hivyo. Nikasimama nje, kando ya ua wa minyaa, nikasikia kwaya ya kanisa letu ikiimba ndani. Nilisikia udongo ukiangukia jeneza. Nilikuwa karibu kiasi hicho.

Jirani mmoja, mmoja wa wale wanawake waliomkimbilia Mama kanisani, alitoka akaniletea maji kwenye kikombe.

"Siku za mwisho alisumbua sana," akaniambia. "Kila mtu anayeingia anamuuliza kama nyar redio amefika salama. Tulimwambia redio ulikwenda nayo wewe. Akasema basi vizuri, wako pamoja."

Nikanywa maji yale, nikamrudishia kikombe chake. Hakuna aliyenialika kukaa, na jua lilikuwa kali. Niliondoka kabla hawajaanza kugawa chakula.

Hayo ni mambo ya zamani. Binti yangu ni mwalimu sasa, na hakumbuki chochote isipokuwa harufu ya betri juani. Nimejaribu kusikiliza michezo mingine, baadaye hata ya televisheni, nikaifunga yote. Nikisikia mtu ameanza kunivutia, nazima. Naogopa watamwacha chini amezimia. Wajukuu wanasema bibi hapendi hadithi.

Kuna jambo moja nalifikiria mara kwa mara nikiwa napima omena. Mahali fulani Nairobi au Mombasa yupo, au alikuwepo, mwanamke mwenye sauti nzito kidogo ambaye Jumatano moja alisoma karatasi yake ya mwisho, akakohoa kama ilivyoandikwa, akachukua mkoba akaenda zake. Binti yangu aliwahi kuniambia watu kama hao siku hizi hutafutwa wakapatikana, kwamba angeweza kuuliza. Nilimkataza kwa ukali mpaka akashangaa. Ningefanya nini nikimkuta amekaa hotelini, mzee kama mimi, anaagiza chai kwa sauti ile?